Sikio la Mtangazaji wa Chuno

Mtangazaji hakuziamini salamu. Ukimpa shikamoo aliitikia marahaba, kisha akakutazama kama mtu anayemfunua samaki mashavu kabla ya kununua. Sijui alizaliwa wapi wala mwaka gani. Wengine walisema ukoo wake ulivuka Ruvuma kutoka ng'ambo, wengine walisema ni mtu wa Mikindani tangu na tangu. Yeye mwenyewe akiulizwa alijibu, "Kwani unataka kuniposa?"

Watu wa Mtwara mjini waliijua sauti yake kabla ya kuijua sura. Kwa miaka mingi alikaa kiti cha mbele cha pikapu yenye spika mbili za chuma juu ya paa, akizunguka Chuno hadi Mtawanya kutangaza maji yatakayokatika, chanjo ya watoto, mkutano wa mtaa, mechi, magodoro mapya, misiba. Alipoanza, mwanamke kushika kipaza sauti barabarani lilikuwa jambo la kusemwa, na walimsema kweli. "Walichoka kabla yangu," aliniambia. Baadaye alipunguza kupanda gari, akawa anarekodi nyumbani kwake matangazo ya maduka na ya redio. Chumba chake cha kazi kilikuwa kabati kubwa la nguo lililotolewa rafu, likazungushiwa vipande vya godoro na kanga kuukuu, na ndani yake kigoda kimoja. Ukitoka humo umelowa jasho kama umetoka kupalilia.

Nilikwenda kwake kwa sababu nilikuwa nimeshindwa. Nyumba ya wageni nilimokuwa nikifanya kazi ya kupokea simu ilifungwa, na wageni kadhaa walikuwa wamewahi kuniambia kwamba sauti yangu ingefaa matangazo. Nikayashika maneno hayo kama kazi. Nilirekodi matangazo matatu ya kubuni kwenye simu yangu, nikaanza kupita duka hadi duka: "Samahani kaka, naomba dakika moja usikilize sauti yangu." Walisikiliza, wakatabasamu, wakasema, "Una sauti nzuri dada, acha namba." Niliacha namba Chuno nzima, mpaka jirani akamuuliza mama yangu kama natafuta mchumba. Waliopiga walipiga usiku, na hawakuwa na tangazo lolote.

Siku ya kwanza Mtangazaji hakunikaribisha ndani. Alisimama mlangoni akitafuna ming'oko ya kuchemsha, vile viazi pori vya kwetu.

"Nani kakutuma?"

"Sijatumwa, mama. Nimekuja mwenyewe."

"Hakuna anayekuja kwangu mwenyewe. Soma hii." Akanipa pakiti ya sabuni ya unga, akanigeuzia mgongo ili asinione. Nilisoma kila kitu, hadi maelezo ya kuiweka mbali na watoto. Nilipomaliza alibaki vilevile, mgongo kwangu.

"Una sauti ya kuomba," alisema. "Unasoma sabuni kama unaomba usamehewe. Nani atanunua sabuni kwa mtu aliyekosea?"

Nilidhani amenifukuza. Kumbe alinipa kazi. Nilitakiwa kwenda kukaa nje ya duka la magodoro kwa wiki nzima, nisiombe chochote, nisikilize tu. Watu wanaliitaje godoro lile? Wanauliza nini kabla ya kulibonyeza? Nani anaondoka bila kununua, na anaondoka akisema nini? Niliporudi na majibu aliyasikiliza bila kunisifu. Akasema mwenye duka hana haja na sauti nzuri, sauti nzuri zimejaa madrasa na kwaya. Anamtaka mtu anayejua wateja wake wananong'ona nini. "Ukiingia dukani kwake, usimwambie una sauti. Mwambie watu wanaondoka wakisema godoro lako linabonyea katikati. Atakupa kiti."

Na alinipa kweli, yule mwuza magodoro.

Mtangazaji alikuwa na simu mbili. Moja ya watu anaowaamini, nyingine ya wasioaminika. Ya pili ilikuwa na namba nyingi zaidi, na yangu ilikuwa humo miaka yote niliyomjua. Hakupeleka tangazo zima kwa mteja kabla ya makubaliano. Alipeleka lenye kikohozi katikati, amekohoa makusudi, ili asiyetimiza ahadi ya malipo apige kikohozi mtaani kwake. Akipigiwa na mgeni aliuliza swali lilelile mara mbili, mwanzo wa mazungumzo na mwisho, kisha akalinganisha majibu. Wateja walimlalamikia kwamba anawahoji kama polisi. Lakini walirudi.

Hata hivyo mtu huyohuyo aliyenikataza kufungua mdomo bure hakuwahi kukataa kutangaza msiba, na kwa msiba hakutaka hata soda. Nilimuuliza kwa nini. "Maiti hawezi kunidanganya," alijibu. Baada ya muda nikajua kwamba hata hilo hakuliacha hivihivi. Zamani ndugu wawili walimletea taarifa ya kifo cha kaka yao mkubwa, wakamtajia saa ya mazishi na makaburi. Akawaambia sawa, kisha akawasha gari na kwenda kwanza nyumbani kwa marehemu kutoa pole. Alimkuta marehemu ukumbini anakula mihogo. Walikuwa wanagombea shamba la mikorosho. Tangu hapo hakumtangaza maiti ambaye hajahakikisha kwamba ni maiti.

Suala la lugha lilinitesa kuliko mengine. Mimi nimekulia kijijini upande wa Ghuba ya Mnazi, nyumbani tunazungumza Kimakonde, na nikichoka au nikifurahi herufi r inanipotea. Korosho inakuwa kolosho. Mtangazaji alinifungia kabatini nikarudia "korosho bora za kusini" hadi ulimi ukaniuma. Alinisahihisha bila huruma, mbele ya watu. Lakini siku moja kijana mmoja wa studio alinicheka hilohilo mbele yake, naye akamgeukia: "Wanaosema kolosho ndio wanaozilima. Wewe unayeisema vizuri una mkorosho hata mmoja?" Nilifurahi, na jioni ileile akanirudisha kabatini.

Kwa hiyo nilikuwa na sababu za kumpenda. Nilikuwa pia na sababu za kumshuku, na sababu hizi zilikua haraka zaidi.

Yule mwuza magodoro, ambaye kwa wiki kadhaa alinipa kiti na chai na kuniambia tangazo lake lijalo ni langu, siku moja aliacha kunitazama usoni. Nilipombana akasema, "Dada, mimi sina tatizo na wewe. Nilimuuliza Mtangazaji, kasema bado hujaiva." Tangazo alilisoma Mtangazaji mwenyewe. Nililisikia nikiwa sokoni, na maneno mawili ndani yake yalikuwa yangu, yale niliyoyaokota nje ya duka.

Sikumwambia kitu. Kwetu mtu mzima haulizwi hivyo. Lakini kuanzia siku hiyo kila alichoniambia nilikigeuza upande wa pili. Aliposema nisiingie kwenye makundi ya simu ya wasoma matangazo, nilisikia: usionekane. Aliposema mteja fulani si mwaminifu, nilisikia: ni wangu. Nikiyajumlisha yote aliyonifundisha ilikuwa kama kanikataza kupata mteja hata mmoja.

Basi nikaingia kwenye makundi, nikaweka sauti yangu humo. Baada ya siku chache, mvua za masika zikiwa zimepamba moto, nikapata ujumbe wa sauti kutoka kwa mwanamume aliyesema yuko Dar es Salaam na ana kampuni ya matangazo. Alizungumza taratibu, kwa adabu. "Dada yangu, sauti yako ni ya pekee. Tumeitafuta muda mrefu. Tunataka uwe sauti yetu ya kusini." Nilirudia kuusikiliza nikiwa nimelala, nikiwa nasonga ugali, nikiwa bafuni. Aliniomba jaribio tu: nisome orodha ya sentensi alizonitumia, kwa utulivu, mahali pasipo na kelele.

Sikuwa na mahali pasipo na kelele isipokuwa kabati la Mtangazaji. Nikaenda kumwomba aniazime. Alitaka kuona karatasi niliyozinakilia sentensi zile.

Zilikuwa sentensi mamia. Paka amepanda juu ya meza ya bluu. Je, shangazi atafika lini? Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Loo, samahani sana!

"Bidhaa iko wapi hapa?" aliuliza.

"Ni jaribio tu, mama."

"Jaribio la nini? Fundi anayekupima gauni hakupimi mpaka kucha." Akaomba asikilize ule ujumbe. Aliusikiliza akiwa ameegemea ukuta, macho kayafumba. "Huyu anakusifu mno. Mtu anayetaka kununua ng'ombe hukashifu: kwato mbaya, mgongo umepinda. Anayesifu hana nia ya kununua. Usimsomee."

Nilimtazama nikaona mwanamke aliyezeeka na wateja wake wote mkononi, asiyetaka hata mmoja amponyoke.

"Na wewe ulinisifu kwa nani, mama?" nilisema. Ndilo neno baya pekee nililowahi kumwambia.

Alinirudishia karatasi, na kabati hakunipa. Nikasomea nyumbani chini ya godoro, siku tatu, mama yangu akiwafukuza kuku uani. Nilisoma vizuri kuliko nilivyowahi kusoma. Kila r mahali pake. Nikatuma. Yule mtu alijibu "Asante dada", na baada ya hapo simu yake haikupatikana tena.

Mikorosho ilipoanza kutoa maua, mjomba wangu alinipigia kutoka kijijini akiwa na furaha. Mjomba ndiye aliyenilea baba alipoondoka. Shamba lake ndilo lililonisomesha. "Tumekusikia," alisema. "Kijiji kizima tumekusikia. Tumeinunua."

"Mmenunua nini, mjomba?"

"Dawa yako."

Alinitumia. Ilikuwa sauti yangu. Ilisema kwamba mimi ni binti wa pwani ya kusini, mtoto wa mkulima, na kwamba nimewaletea ndugu zangu dawa mpya ya ubwiri unga, ule ugonjwa unaofunika maua ya mikorosho kama vumbi jeupe. Ilitaja mahali ambapo gari lingesimama kuiuza na kusema kwamba salfa waliyoizoea imepitwa na wakati. Sikuwahi kuyasema maneno hayo. Nilikaa chini sakafuni, nikaisikiliza tena, na kwa muda mfupi nilianza kujishuku mimi mwenyewe, kwamba labda niliyasoma nikasahau.

Ile dawa ilikuwa unga usiojulikana ni wa nini. Baada ya siku chache za kuipuliza, maua ya mjomba yalikauka yakawa kama yameunguzwa. Wakulima wengine yaliwakuta hayohayo. Gari lilishaondoka, namba haipatikani, na sauti waliyokuwa nayo ni yangu. Watu watatu kutoka kijijini walifika kwa mama yangu kuniuliza. Hawakutukana. Mmoja wao, mzee aliyenifundisha kusoma Kurani nilipokuwa mdogo, alisema tu, "Tulinunua kwa sababu ni wewe." Nilikwenda polisi, wakafungua jalada, wakanitazama kwa jicho la kunishuku.

Sikuwa na pa kwenda isipokuwa kule nilikokuwa naona haya kwenda. Mtangazaji alifungua mlango, hakusema "nilikwambia". Alinyoosha mkono apewe simu. Alisikiliza mara moja, akasikiliza ya pili akiwa amekaa, ya tatu kaiweka simu sikioni kabisa.

"Huyu mtu hapumui," alisema.

"Mama?"

"Sikiliza. Amesema maneno yote haya, wapi amevuta pumzi? Hata mwizi hupumua. Hiki ni chombo. Wamechukua vipande vya zile sentensi zako wakaishonea mashine sauti." Kisha akaniuliza, "Mjomba wako yuko kijijini siku gani?"

"Kila siku, mama."

"Basi Ijumaa, watu wakitoka msikitini."

Alikuwa hajapanda ile pikapu muda mrefu. Aliiazima, akafunga spika mwenyewe kwa kamba, akajifunga na mtandio kooni kwa sababu tayari alikuwa akikohoa, kikohozi cha kweli. Njiani nilikuwa nawaza kwamba huenda anakwenda kunikana hadharani ili jina lake lisichafuke na langu. Niliwaza hivyo mpaka tulipofika.

Watu walikusanyika mbele ya ghala la chama cha msingi cha ushirika. Mjomba alisimama nyuma, mikono kifuani. Mtangazaji alizungumza kwanza. Alisema wanamjua, kwamba katika maisha yake ametangaza uongo mara moja, alipodanganywa na mwuza vyandarua vibovu, na alizunguka mtaa kwa mtaa kuutangua. Akasema sauti waliyonayo kwenye simu si ya mtu. Akawawekea ile sauti, akawaambia wahesabu pumzi. Watu waliinamisha vichwa wakasikiliza. Hakuna aliyepata hata moja. Kisha akanipa kipaza sauti, akaniambia, "Sema nao Kimakonde."

Nilisema. Niliwaambia nilivyodanganywa, nilivyoonywa na sikusikia, kwa nini sikusikia. Nililia, nikakosea maneno, nikavuta kamasi kwenye spika mbili za chuma kijiji kizima kikisikia.

Kijana mmoja akapaza sauti, "Sasa tutajuaje kama wewe nawe si mashine?"

Watu walicheka kidogo. Mtangazaji alichukua kipaza sauti. "Mimi simwamini mtu yeyote, hata nyinyi siwaamini," alisema. "Huyu namwamini. Kama kawaibia, mje Chuno mniulize mimi."

Si wote waliokubali. Wengine waliondoka wakinung'unika, na mjomba hakuzungumza nami mpaka msimu ule ulipokwisha. Mikorosho iliyoungua haikuzaa, na hotuba haikuirudisha. Lakini karani wa chama alinifuata garini akaniuliza kama ningeweza kuwasomea tangazo la kuwaonya wakulima wa vijiji vingine, kwa Kiswahili na kwa Kimakonde, nikiwa nimesimama mbele yao. Huyo ndiye alikuwa mteja wangu wa kwanza wa kweli. Wa pili alikuja kwa sababu yake, wa tatu vivyo hivyo. Hadi leo wateja wangu wengi hunitaka niende mwenyewe, wanione mdomo ukifunguka.

Tuliporudi garini nilitaka kumshukuru. Aliniwahi. "Umesema kolosho mara nne," alisema, akafunga kioo.

Baada ya hapo kazi ilinichukua. Nilikuwa nampigia simu, naye kila mara aliniuliza kwanza swali ambalo mimi tu ningeweza kulijibu: jina la mbuzi wa mama yangu, rangi ya kigoda. Simu zikawa fupi. Halafu akaacha kupokea, akawa anajibu kwa maandishi.

Nilimkuta Mtawanya, nyumbani kwa dada yake alikohamia. Ilikuwa asubuhi, amekaa mkekani, kitambaa kimemzunguka shingo. Sauti iliyokuwa ikifika mtaa wa pili sasa haikufika mlangoni. Ilibidi nisogee mpaka magoti yetu yagusane.

"Yule wa magodoro," alinong'ona bila utangulizi, "nilimwambia hujaiva. Na kweli ulikuwa hujaiva."

"Najua, mama. Yamepita."

"Kulikuwa na mwingine. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alikutaka wewe, akaja kuniuliza. Ulikuwa umeshaiva. Nikamwambia vilevile."

Yule mwingine sikuwahi kumjua. Miaka yote nilikuwa nimejiambia kwamba shaka yangu juu yake ilikuwa dhambi, na sasa nilikuwa naambiwa kwamba nusu yake ilikuwa kweli.

"Kwa nini?" niliuliza.

"Nilikusikia kabatini siku moja nikadhani ni mimi."

Nje dada yake alikuwa anatwanga, na mchi ulipotua mara kadhaa ndipo Mtangazaji alipoingiza mkono chini ya mto akatoa bahasha ya hospitali, imefungwa bado. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza. Alisema watoto wake wangemsomea wanavyotaka wao, na dada yake angelia kabla ya kufika katikati.

"Nisomee wewe. Kwa Kiswahili. Kama ilivyo."

Nilifungua, nikasoma jina lake, tarehe, maelezo ya koo. Nilikuwa natafsiri taratibu, sauti nimeinyoosha, kama alivyonifundisha. Nilipofika sentensi ya tatu niliona neno lililokuwa mbele, nikapita pembeni yake nikaendelea na lililofuata. Nilidhani nimepita vizuri.

Mtangazaji alifumbua macho.

"Umeruka," alinong'ona. "Rudi."

Nikarudi mwanzo wa sentensi, nikalisoma neno lenyewe, kwa sauti ileile niliyosomea mengine. Alilisikiliza mpaka likaisha. Kisha akaniashiria kwa mkono niendelee.